Kivuli cha Ajuza: Siku "Suspiria" Ilipoonyeshwa Nyamira

Picha ya senema iitwayo "Suspiria" nimepata kuitazama mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, hapa Mombasa, Mji wa Kale, katika sebule ya sahibu yangu mmoja ambaye nduguye alikuwa baharia na akimletea kaseti za vidio kutoka kila bandari. Kaseti ile ilikuwa imenakiliwa mara zisizo idadi, hata rangi nyekundu ilivuja ikapita mipaka ya vitu kama wino ulioangukiwa na maji, na sisi vijana tulicheka kuliko tulivyoogopa. Mara ya pili niliitazama peke yangu, nakala iliyosafishwa upya mwaka 2017, na usiku ule sikucheka. Mara ya tatu ilikuwa Novemba iliyopita, si Mombasa wala Nairobi, bali kijijini katika kaunti ya Nyamira, juu kwenye vilima vya Wagusii. Ni hiyo ya tatu iliyonitia kalamu mkononi.

Kwa wasioijua, picha hii ilitolewa Italia mwaka 1977. Mwongozaji wake ni Dario Argento, na hadithi aliiandika pamoja na Daria Nicolodi. Jina lilitokana na maandishi ya Mwingereza Thomas De Quincey ya mwaka 1845. Kisa chenyewe ni chepesi, mtoto wa chuoni angeweza kukisimulia. Msichana wa Kimarekani, Suzy, ambaye mchezaji wake ni Jessica Harper, anafika mji wa Freiburg nchini Ujerumani usiku wa mvua kubwa ili ajifunze dansi ya bale katika chuo mashuhuri. Watu wa chuo wanakufa vifo vibaya, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Suzy anagundua kwamba walimu wake ni kundi la wachawi, na mkubwa wao ni ajuza aitwaye Helena Markos, ambaye dunia ilidhani amekwisha kufa zamani, kumbe amefichwa katika chumba cha siri. Basi, hakuna zaidi. Nimesikia visa vilivyosukwa vizuri kuliko hicho barazani kwetu baada ya sala ya isha, tena bila ya malipo. Na nitahadharishe mapema kwamba damu ni nyingi mno. Si picha ya kukaa nayo na watoto.

Lakini hakuna aitazamaye "Suspiria" kwa ajili ya kisa. Watu huitazama kwa macho, kama mtu aendaye kutazama nakshi za mlango asijali nyumbani mnakaa nani.

Chukua mwanzo wake. Suzy yumo katika uwanja wa ndege, anaelekea mlango wa kutokea. Ndani ni kimya na kweupe. Mlango wa kioo unapofunguka wenyewe, nje kuna dhoruba na muziki unaingia. Unapojifunga, muziki unakatika. Unafunguka tena, muziki huo! Hajaonekana jini wala mchawi, hakuna aliyesema neno la kutisha, na tayari mtazamaji ameambiwa kwamba huko nje kuna dunia nyingine isiyokuwa hii. Kisha Suzy anapanda teksi, na njia nzima uso wake unabadilika rangi: nyekundu, buluu, kijani, tena nyekundu. Taa hizo zinatoka wapi? Hakuna ajuaye. Waliozoea picha za Kihindi za kina Ramsay, kama "Purana Mandir" ya mwaka 1984, wataujua mtindo huo wa ukuta kuwaka kijani mahali pasipokuwa na taa ya kijani. Lakini kwa kina Ramsay ilikuwa ni chumvi ya kutilia mchuzi, na kwa Argento ndiyo mchuzi wenyewe.

Mpiga picha wake ni Luciano Tovoli. Huyu alizichukua taa kubwa kali, akatandaza mbele yake vitambaa na karatasi za rangi, akazisogeza karibu kabisa na nyuso za wachezaji, hata rangi ikawa kama imepakwa kwenye ngozi. Halafu nakala za kuonyeshea zikatengenezwa Roma kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambayo wakati huo ilikuwa inakaribia kuachwa duniani. Katika njia hiyo picha hutengwa rangi tatu, na kila rangi hubandikwa juu ya utepe peke yake, moja baada ya nyingine, mfano wa wapigao chapa kanga. Ndiyo maana wekundu wa "Suspiria" haufanani na wekundu wa picha nyingine: una uzito, waonekana kama ungeushika ungekuacha na alama mkononi. Argento alitaka rangi za "Snow White" ya Walt Disney ya mwaka 1937, yaani rangi za ngano ya watoto. Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Alitaka wanafunzi wa chuo kile wawe watoto wadogo hasa; akazuiwa, kwani watoto kuuawa katika senema ni jambo lisilovumilika. Akawachukua wasichana wakubwa, lakini vitasa vya milango akaviweka juu, karibu usawa wa vichwa vyao. Msichana wa miaka ishirini anaunyoosha mkono juu kufungua mlango, na wewe mtazamaji bila kujua sababu unahisi kuwa huyu ni mtoto, na nyumba hii ni kubwa, na wenye nyumba si watu wa kawaida.

Naam, hiyo ndiyo sanaa. Si kupiga kelele.

Kelele nazo zimo, lakini kelele za wenye akili. Kundi la Kiitaliano liitwalo Goblin lilipiga muziki wake kwa vinanda vya umeme pamoja na buzuki na tabla. Sisi tuliolelewa na taarabu tukiisikia tabla tunajiweka tayari kwa raha. Humu tabla inakuja kama mtu anayebisha mlangoni saa nane za usiku.

Kuta za chuo ni bahameli ya buluu, katika picha mna vioo vya rangi mfano wa vile vya madirisha ya nyumba zetu za kale, na katika chumba kimoja cha chuo yako maua ya airisi yaliyochorwa ukutani, na moja, la buluu, likizungushwa hufungua mlango wa siri. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya maua hayo. Lakini nataka kukaa na mandhari moja tu, maana ndiyo iliyonifuata Nyamira.

Usiku mmoja mabuu yanaanguka kutoka dari za vyumba vya kulala, na wasichana wote wanahamishiwa ukumbi wa mazoezi. Vitanda vinapangwa, na shuka nyeupe zinatundikwa kuwagawanya walimu na wanafunzi. Taa zinazimwa. Lakini giza halifiki, bali ukumbi mzima unageuka mwekundu, na zile shuka nyeupe zinakuwa kama ngozi iliyotazamwa dhidi ya jua. Kisha nyuma ya shuka, hatua chache kutoka kitandani kwa Suzy, anakuja mtu na kulala. Twaona kivuli chake tu. Halafu twasikia pumzi: kukoroma kuzito, kwa mluzi, kwa kukwamakwama, kukoroma kwa mtu mzee sana mwenye maradhi ya kifua. Mwenziwe Suzy, Sara, anamnong'oneza kwamba anaujua mkoromo huo, kwamba huyo ndiye mkuu wa chuo.

Hakuna jingine. Shuka, taa, na bibi kizee anayekoroma. Hajainua mkono, hajatamka neno. Na hakuna mahali katika picha nzima, pamoja na damu yote ile, ambapo nimeona watu wakikunja miguu juu ya kiti kama pale.

Sasa nije Nyamira. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu ambaye tulisoma pamoja sekondari huku pwani, wakati babake alipokuwa akifanya kazi bandarini. Alinialika siku nyingi, na safari hii nikaenda: Mombasa, Nairobi, Narok, Keroka, hadi kule ambako udongo ni mwekundu, chai imepandwa hadi ukingoni mwa barabara, na migomba inasimama nyuma ya kila nyumba. Wagusii ni watu wakarimu. Nililishwa obokima wa wimbi na chinsaga, hiyo mboga tunayoiita mgagani, na maziwa ya kuganda. Jambo moja tu lilinisumbua, nalo ni kwamba katika lugha yao mama huitwa "baba" na baba huitwa "tata". Mwalimu aliponiambia, "Njoo umsalimu baba," nilijiandaa kwa mzee mwanamume, nikatokewa na bibi kikongwe mwenye umri wa miaka themanini na ushei, mwembamba, mwenye macho makali, akanipa mkono na kuniambia "Bwairire," nami nikaitikia nilivyoweza.

Jioni moja ikanyesha mvua ya mawe, mabati yakatoa mngurumo hata hatukuweza kusikilizana. Wajukuu wa nyumba ile, vijana watano sita waliorudi likizo vyuoni, walikuwa wamechoka na mpira. Mimi nilikuwa nayo "Suspiria" ndani ya flashi, na kwa kuwa ni mtu nisiyejua kunyamaza penye hadhira, nikawaambia nitawaonyesha picha ya kutisha iliyo nzuri kuliko zote. Mvua ilipopungua tukaanza. Nilihutubu vya kutosha, Mungu anisamehe: tazameni taa, tazameni vitasa, msikilizeni huyo tabla! Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anachambua chinsaga majani kwa majani ndani ya ungo. Kiingereza hajui. Nilidhani hatazami.

Ilipofika ile mandhari ya shuka, vijana walikunja miguu kama nilivyotaraji. Niligeuka kwa kiburi cha mwenye duka aliyesifiwa bidhaa yake, na nikaona kwamba mikono ya bibi imesimama juu ya ungo.

Mwisho wa picha waujua au sasa utaujua. Suzy anaingia chumba cha siri. Yule ajuza nyuma ya pazia anamtisha na kumwinua maiti amshambulie. Suzy anang'oa unyoya wa kioo kutoka pambo la tausi na kumchoma nao shingoni. Chuo kizima kinaanza kupasuka na kuwaka moto. Suzy anatoka mvuani, na anatabasamu. Wachawi wote wamo ndani. Vijana wakapiga makofi. Mmoja alisimama akapiga kelele, "Wachomeke!" Nami nilikuwa natabasamu, sikufichi, picha imejengwa tangu dakika ya kwanza ili pale utabasamu.

Bibi akasema neno kwa Kigusii. Mwalimu hakulitafsiri mara moja. Nikamwuliza, akaniambia kwa sauti ya chini: "Anauliza, yule mzee aliyekuwa akikoroma, hakuwa na mtoto wa kumtoa?"

Mjukuu mmoja akacheka akamwambia, "Magokoro, yule ni omorogi," yaani mchawi. Bibi akajibu, na mara hii mwalimu alitafsiri bila kuulizwa: "Anasema yeye alimsikia akikoroma tu."

Kisha akaendelea na mboga zake.

Haki isemwe. Katika picha yule ajuza ana makosa, maiti hakujiinua mwenyewe. Bibi hakuyafuata yote. Lakini usiku ule, mimi na mwalimu tukiwa barazani tumejifunika mablanketi, maana baridi ya kule si mchezo, nilijiuliza ni lini hasa mimi nilimhukumu yule Helena Markos. Nikaona ni pale penye shuka. Nilimhukumu kwa kivuli, kwa wekundu wa taa na kwa kifua kibovu. Makosa yalikuja baadaye, hukumu ilikuwa tayari.

Mwalimu hakuwa na haja ya kunieleza kwa nini nyumba yake ilinyamaza. Kati ya 1992 na 1994 nchi ya Wagusii ilipitiwa na wimbi la kuwasaka walioitwa wachawi, na watu wengi wakachomwa ndani ya nyumba zao. Mtaalamu mmoja, Justus Ogembo, aliandika kitabu kizima juu ya wimbi hilo, kilichotoka mwaka 2006. Mwalimu alikuwa kijana wakati ule. Aliniambia aliuona moto kwenye kilima cha ng'ambo, na wakubwa wakamwambia akae ndani. Sikumwuliza zaidi.

Mwezi wa Mei 2008 wakachomwa watu 11 kwa pamoja huko Kisii, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee. Na sababu iliyotolewa na wanavijiji, kama ilivyotangazwa na mashirika ya habari, ni kwamba katika shule ya msingi ya pale palipatikana daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, limeandikwa nani atarogwa baadaye. Nilipokumbuka habari hiyo pale barazani mwili ulinisisimka. Shule, mkutano wa siri, majina. Argento alibuni chuo cha wachawi mwaka 1977 kwa taa na bahameli. Miaka 31 baadaye watu wakabuni shule yao ya wachawi kwa daftari moja, na kiberiti chao kilikuwa cha kweli. Oktoba 2021, Marani, katika kaunti ya Kisii, wakauawa bibi wanne kwa tuhuma hiyohiyo. Yote haya ilhali sheria ya uchawi ya Kenya, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, yamtia hatiani hata yule anayemwita mwenziwe mchawi mbele za watu bila kumpeleka kwa wakuu.

Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wameanza kutikisa vichwa na kusema, ah, hao watu wa bara. Polepole. Hapa kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa, katika vijiji vya Kilifi, wazee wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa mvi zao, na mara nyingi nyuma ya neno "uchawi" kuna shamba linalotakiwa na vijana. Ganze kuna mahali, Kaya Godoma, ambapo wazee waliotuhumiwa hukimbilia roho zao. Na sisi wa mijini tunaojiona wastaarabu, nani kati yetu hakuambiwa utotoni asipite mbele ya nyumba ya bibi fulani kwa kuwa ni mwanga? Mtaani kwetu alikuwako mmoja. Aliishi peke yake, alikuwa na paka. Hiyo ndiyo ilikuwa jumla ya ushahidi.

Wala sisemi sihiri haipo. Nilisomeshwa chuoni, na Kul-audhu mbili nilizihifadhi kabla sijajua kuandika jina langu. Kisa cha Haruta na Maruta kimo katika Kurani na simo miongoni mwa wanaokicheza shere. Lakini maalimu wetu yuleyule aliyetufundisha kujikinga na shari ya wanaopuliza mafundoni ndiye aliyetufundisha Suratul Hujurat, na alipofika kwenye makatazo ya dhana alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akaturejesha nyuma tuisome tena. Tulidhani tumekosea tajuwidi.

Iko picha nyingine ningependa mtafute, nayo ni ya huku kwetu. Yaitwa "The Letter", ilitoka mwaka 2019, watengenezaji wake ni Maia Lekow na Christopher King, na ni habari ya kweli ya bibi wa Kilifi mwenye miaka zaidi ya tisini ambaye jamaa zake wenyewe wanamtuhumu uchawi. Kwa uzuri wa kupigwa picha haina haya mbele ya yoyote. Lakini tazama tofauti yake. Argento anaweka shuka kati yako na bibi kizee, na kila rangi aliyo nayo anaitia kwenye ile shuka. Hawa wawili wameiondoa shuka. Wamekaa na bibi, ukamwona akiwa shambani kwake, ukamwona uso mchana kweupe, mpaka ukamzoea. Na ukisha kumzoea mtu, kazi ya kumwogopa inakuwa ngumu.

Je, nimeichukia "Suspiria"? Hapana. Nikisema nimeichukia nitakuwa nadanganya, na mkono uliolisifu jambo kwa miaka arubaini hauwezi kulikana kwa usiku mmoja. Bado nasema ni katika picha zilizopigwa kwa uzuri wa ajabu, na ile teksi ya mwanzo nitaitazama tena inshallah. Ila ile mandhari ya shuka siwezi tena kuitazama kama zamani. Nikiisikia ile pumzi nasikiliza kifua cha mgonjwa.

Jambo la mwisho aliloniambia mwalimu kabla hatujaingia kulala lilihusu taa. Nilikuwa nimemwuliza kwa nini bibi, ambaye chumba chake ki mbali na choo, hana tochi. Nilikuwa nayo moja ya ziada mkobani, nikataka kumwachia zawadi. Akanishukuru akasema hataichukua. Kwao, alinieleza, hadithi ya omorogi ni hadithi ya mwanga wa moto unaotembea usiku, unaonekana na kutoweka, unaonekana na kutoweka, juu ya kilima. Mtu mzee akionekana na taa inayotembea saa za usiku, asubuhi patakuwa na maneno. Kwa hivyo tangu miaka ile mamake hatembei na taa.

Kama saa tisa hivi za usiku niliamka. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Nikasikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa, kisha fimbo ikigonga jiwe, ikagonga jiwe lingine, taratibu, ikitafuta njia gizani.